Namna ya Kupima Hatari ya Mafuriko ya Mito Mombasa: Kuanzia Alama ya Ukutani hadi Ada ya Bima

Afisa wa mipango wa kaunti na wakala wa bima huuliza swali moja kwa maneno tofauti: maji yatapanda juu ya sakafu ya nyumba hii kwa kiasi gani, na baada ya miaka mingapi yanaweza kupanda tena? Ramani, hesabu na ziara zote zinazoelezwa hapa zinalenga kujibu swali hilo. Ripoti inayoeleza milimita za mvua na mita za ujazo za mtiririko bila kufika kwenye kizingiti cha mlango haimsaidii anayetoa kibali cha ujenzi, wala haimsaidii anayepanga ada ya bima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaofanya kazi hiyo katika Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, pamoja na kamati za wadi zinazotaka kuelewa kwa nini plani fulani imekataliwa.

Jua maji yanatoka wapi

Mito inayoiletea Mombasa mafuriko haianzii Mombasa. Kombeni na Tsalu hushuka kutoka pande za Rabai na Mariakani na kuingia katika hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) la Tudor, ilhali Mwache hupitia Kinango, katika Kaunti ya Kwale, kabla ya kumwagika upande wa Port Reitz. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchora eneo lote linalokusanya maji ya mto unaochunguzwa, bila kujali mipaka ya kaunti, na kuzungumza mapema na wenzetu wa Kilifi na Kwale pamoja na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mtu anayechora ramani yake na kuishia mpakani atapima ndoo bila kuutazama mfereji unaoijaza.

Ardhi yenyewe pia inataka kutazamwa. Ukanda wa pwani wa Nyali na Bamburi, pamoja na kisiwa, umekaa juu ya mawe ya matumbawe ambayo hunywa maji kwa haraka pale ambapo hayajafunikwa kwa saruji na lami. Ukivuka kuelekea Changamwe, Miritini na Jomvu unakutana na miamba ya udongo mgumu uliogandamana, ambayo hupitisha maji kidogo sana, hivyo mvua ileile inayozama Nyali hukimbilia bondeni Jomvu ndani ya muda mfupi. Tofauti hii ni kubwa kiasi kwamba haifai kutumia kiwango kimoja cha utiririkaji (sehemu ya mvua inayotiririka bila kuzama) kwa kaunti nzima. Aidha, mradi wa Bwawa la Mwache hubadilisha hesabu za mto huo: vipimo vya zamani vilivyochukuliwa kabla ya bwawa havitalingana na mtiririko utakaopita chini yake, na ni lazima ripoti iseme wazi inazungumzia hali ipi.

Anza na alama, kisha njoo kwenye kompyuta

Mito yetu midogo haina rekodi ndefu za vipimo, na mingine haijawahi kuwekewa kipimo chochote. Ndiyo maana naamini ushahidi wenye thamani kubwa kuliko wote ni mstari wa tope uliobaki ukutani baada ya maji kupungua. Tembelea mtaa ukiwa na mzee wa mtaa, uliza kuhusu mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, kuhusu vuli ya mwaka 2019, vuli ya mwaka 2023 na masika ya mwaka 2024, na umwombe kila mwenye nyumba akuonyeshe mahali maji yalipoishia. Usiulize kama maji yalikuwa mengi, kwa sababu kila mtu atajibu kwamba yalikuwa mengi. Uliza yaligusa nini. Mama mmoja karibu na mkondo unaoingia kwenye mikoko alinijibu, “Yalizima jiko langu, mwanangu, lakini kitanda hayakukifikia,” na kwa sentensi hiyo moja nilipata mipaka miwili, wa chini na wa juu, ambayo niliweza kuipima kwa tepu.

Alama ikishapatikana, lazima ihusishwe na sehemu moja thabiti, kama vile ukingo wa daraja au jiwe la wapima ardhi. Kama hakuna kifaa cha setilaiti, tumia njia ambayo kila mwashi wa hapa anaijua: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ncha moja ikishikwa kwenye alama ya ukutani na nyingine kwenye nguzo inayofuata. Subiri maji yatulie ndani ya mpira, hakikisha hakuna povu la hewa katikati (povu moja tu linaweza kukukosesha sentimita kadhaa), kisha chora mstari kwa penseli na uhame kwenye nguzo ya tatu. Nyumba kumi zinaweza kuunganishwa kwa namna hii katika asubuhi moja, na ukirudi ulikoanzia kwa njia nyingine utajua umekosea kiasi gani. Piga picha ya kila alama ikiwa na tepu kando yake, uandike tarehe ya mafuriko, jina la mtaa na chanzo cha habari. Tenganisha alama za mto na alama za bahari: alama ya bahari kwa kawaida huwa na chumvi nyeupe na hurudiarudia kwa kimo kilekile, lakini tope la mto huacha mchanga na takataka za majani upande ule maji yalikotokea.

Hesabu ya mtiririko

Kwa vijito vidogo, hesabu rahisi huanza na mvua. Zidisha 0.278 kwa kiwango cha utiririkaji, kwa ukali wa mvua katika milimita kwa saa, kisha kwa ukubwa wa eneo katika kilomita za mraba, nawe utapata mita za ujazo kwa sekunde. Tuchukue mfano wa kijito chenye eneo la kilomita 4 za mraba, lililojengwa kiasi cha kufanya asilimia 60 ya mvua itiririke (kiwango cha 0.6), na mvua ya milimita 60 kwa saa: jibu ni karibu mita za ujazo 40 kwa sekunde. Ukali wa mvua unaotumika uwe ule wa muda unaolingana na muda ambao tone la mbali kabisa huchukua kufika mahali unapopima. Ukitumia wastani wa siku nzima, utapunguza makadirio ya mafuriko kwa makosa. Takwimu za mvua hupatikana kwa Idara ya Hali ya Hewa, ikiwemo rekodi ya kituo cha uwanja wa ndege wa Moi, na pengo lake linaweza kujazwa na makadirio ya setilaiti yaliyoanza mwaka 1981, mradi yalinganishwe kwanza na kituo cha ardhini. Kwa maeneo makubwa zaidi ipo modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotungwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1976 kwa ajili ya mito isiyo na vipimo. Ni ya zamani, na miji yetu imekua tangu hapo, lakini bado ni mahali pazuri pa kulinganishia.

Kisha geuka upande wa pili na uhesabu kutokana na alama. Pima umbo la kijito kutoka ukingo hadi ukingo, tafuta mteremko wa maji kati ya alama mbili, na utumie kanuni ya Manning, inayokadiria kasi ya maji kutokana na umbo, mteremko na ukwaruzo wa kijito. Kijito chenye eneo la mkato wa maji la mita 30 za mraba, mzingo uliolowana (urefu wa kitako na kingo zinazoguswa na maji) wa mita 20, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500 na ukwaruzo wa 0.04 kitapitisha maji kwa kasi ya karibu mita 1.46 kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 44 kwa sekunde. Ikiwa mvua imekupa 40 na alama zimekupa 44, una sababu ya kuziamini zote mbili. Ikiwa moja inakupa 40 na nyingine 120, usichukue wastani. Rudi mtoni, kwa sababu kuna kitu hukukiona, na mara nyingi kitu hicho ni kalavati lililoziba.

Maana ya “mafuriko ya miaka 100”

Maneno haya yamewapotosha watu wengi, na ninaomba kila ripoti iyafafanue. Mafuriko ya miaka 100 ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa au kupitwa katika mwaka wowote ule. Hayangoji miaka 100 ipite, na yanaweza kutokea miaka miwili mfululizo. Mtu anayechukua mkopo wa nyumba wa miaka 25 katika eneo hilo ana uwezekano wa karibu asilimia 22 wa kuyaona kabla hajamaliza kulipa. Kwa mafuriko ya miaka 50, uwezekano huo unafika karibu asilimia 40. Nimeona kwamba mwenye nyumba aliyekuwa akitikisa kichwa hubadilika anapoelezwa kwa hesabu hii ya mkopo wake mwenyewe, na mkuu wa idara vilevile.

Pale bahari inapofunga mlango

Hapa ndipo kazi ya Mombasa inapotofautiana na ya Garissa au Nzoia. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Kilindini hupita mita 3, na mto unaomwagika ndani ya hori wakati maji yamejaa hauna pa kwenda. Mvua ya wastani iliyokutana na bamvua inaweza kuinua maji juu zaidi kuliko mvua kubwa iliyonyesha wakati wa maji mafu, ambapo bahari hujaa kidogo tu. Wavuvi wa Tudor na Mikindani wanalijua jambo hili bila kompyuta, lakini ramani nyingi hazilijui.

Kwa hiyo usichore ramani moja. Chora angalau tatu: mto wa miaka 100 ukikutana na maji kujaa ya kawaida, mto wa miaka 10 ukikutana na kilele cha bamvua, na mto wa miaka 100 ukikutana na bamvua hiyohiyo. Hali ya ramani ya tatu ni nadra zaidi, kwa sababu kilele cha kijito kifupi hudumu saa chache tu na bahari hujaa takriban kila saa 12 na dakika 25, lakini ndiyo ya kutumia kwa hospitali, vituo vya umeme na shule. Ongeza nafasi ya kupanda kwa bahari, ambayo kwa wastani wa dunia imekuwa ikipanda kwa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1993.

Kosa moja la kuepukwa kwa gharama yoyote ni la sifuri mbili. Jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari hupima kutoka kiwango cha maji ya chini kabisa, na ramani za nchi kavu hupima kutoka usawa wa wastani wa bahari. Maji ya mita 3.5 katika jedwali si mita 3.5 kwenye ramani. Andika sifuri uliyotumia kwenye kila karatasi, na umwombe mpimaji ardhi athibitishe tofauti kabla hujaanza kuchora.

Ramani za mwinuko zinazopatikana bure mtandaoni nazo zina mtego wake. Ile iliyotokana na safari ya chombo cha anga cha Februari 2000 ilirudishiwa mawimbi yake ya rada na vilele vya miti, hivyo mikoko inaonekana kama kilima na uwanda ulio nyuma yake unaonekana kuwa salama. Nimewahi kupewa ripoti ya kampuni moja ya ushauri ambamo ukingo wa hori ulikuwa umepakwa rangi ya kijani ya usalama kwa sababu hiyo tu, na nyumba zilizokuwa ndani ya kijani hicho zilikuwa na alama za tope kufikia madirishani. Tumia matoleo mapya yaliyoondolewa miti na majengo, kisha yasahihishe kwa vipimo vyako vya mpira au vya droni. Programu za kuendeshea modeli ya maji zinapatikana bila malipo, ikiwemo HEC-RAS ya kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, na QGIS inatosha kwa kuchora. Endesha kila hali mara mbili: kalavati likiwa wazi, na likiwa limezibwa nusu. Aliyewahi kuona mtaro wa mji huu baada ya mvua ya kwanza ya masika hatahitaji kuelezwa kwa nini.

Kugawa bonde kwa ajili ya vibali

Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zililinda ukingo wa mto kwa umbali, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Umbali ni rahisi kupima na kutetea mahakamani, na haufai kudharauliwa, lakini hauelezi kimo. Mita 30 kwenye ukingo mrefu wa Kombeni zinaweza kuwa salama kabisa, na mita 30 kwenye uwanda wa Jomvu karibu na mikoko zinaweza kuwa chini ya maji kila bamvua yenye mvua. Kwa hiyo tumia umbali kama mpaka wa chini usiovukwa, kisha juu yake uweke kanda za kimo.

Kanda ya kwanza ni njia yenyewe ya maji, ambamo maji ni ya kina na ya kasi. Hapo usiruhusu kujaza udongo wala ukuta, kwa sababu kila mita unayoziba humpandishia maji jirani aliye juu. Kumbuka kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kanda ya pili ni eneo linalofurika kwa utulivu. Ujenzi unaweza kuruhusiwa kwa sharti kwamba sakafu iwe juu ya kimo cha mafuriko ya miaka 100, ikiongezwa sentimita 30 hadi 60 za tahadhari, na kimo hicho kiandikwe kwa mita kwenye kibali chenyewe. Kuandika “sakafu iinuliwe ipasavyo” ni kumwachia fundi aamue. Nyumba za udongo na fito zitajwe peke yake, kwa kuwa chini ya ukuta wake hulainika na kuanguka hata kwa maji yasiyo na kasi.

Kutoka kina hadi shilingi

Marekani ilianzisha mpango wake wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968 kwa mapatano ambayo yanafaa kuigwa: wakazi hupata kununua bima pale tu serikali yao ya mahali inapokubali kusimamia ujenzi bondeni. Kenya haina mpango wa aina hiyo, na kinga ya mafuriko kwa kawaida huja kama nyongeza katika bima ya moto au ya nyumba. Hata hivyo, hesabu ni ileile.

Chukua nyumba ya shilingi milioni 3. Tuseme kwamba mafuriko ya miaka 10 hayaifikii, ya miaka 25 huiharibu kwa shilingi 150,000, ya miaka 50 kwa shilingi 400,000, na ya miaka 100 kwa shilingi 900,000. Chukua wastani wa hasara kati ya kila hatua mbili na uuzidishe kwa tofauti ya uwezekano wake wa kila mwaka (asilimia 10, 4, 2 na 1): 4,500, kisha 5,500, kisha 6,500, na kwa mafuriko yanayozidi ya miaka 100 weka angalau 9,000. Jumla ni shilingi 25,500 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hasara ya wastani, na bado si ada, kwa sababu kampuni huongeza gharama za uendeshaji na za bima-rejea (bima ambayo kampuni yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine). Sasa inua sakafu ya nyumba hiyohiyo, ili ya miaka 25 isiifikie, ya miaka 50 iiharibu kwa 80,000 na ya miaka 100 kwa 350,000: hasara ya wastani hushuka hadi shilingi 6,450. Tofauti ya shilingi 19,050 kila mwaka ndiyo hoja ya kumpelekea mwenye nyumba anayesema kwamba tofali za ziada ni ghali, na ndiyo hoja ya kumdai wakala wa bima apunguze ada.

Wakala naye akumbuke kwamba moto huunguza nyumba moja au mbili, lakini mafuriko huupiga mtaa mzima usiku mmoja. Kabla ya kukubali nyumba ya hamsini katika bonde lilelile, ajumlishe hasara ya nyumba zote kwa mafuriko ya miaka 100 na ajiulize kama kampuni yake inaweza kulipa siku hiyo.

Mombasa ina jambo lake linalowatatiza watu wa bima kutoka bara: nyumba bila ardhi, ambapo jengo ni la mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Mwenye jengo ana maslahi ya kweli yanayoweza kukatiwa bima, kwani likibomoka hasara ni yake. Kinachotakiwa ni ushahidi wa umiliki wa jengo, kama vile makubaliano na mwenye kiwanja na risiti za kodi ya ardhi. Asikataliwe kwa kukosa hati ya kiwanja peke yake. Wanaopendelea mfumo unaofuata sharia wanaweza kuulizia takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kuchangiana, na vipimo vya hatari vinavyohitajika ni hivihivi. Wote waelezwe kanuni ya wastani: aliyeikatia bima nusu tu ya thamani ya nyumba yake atalipwa nusu ya hasara, hata kama hasara ni ndogo.

Kaunti yenyewe inaweza kufikiria bima ya kipimo, ambayo hulipa mara tu maji yanapofika kimo kilichokubaliwa kwenye kipimo cha mto, bila kusubiri wahakiki wa hasara. Fedha hufika haraka, lakini kuna hatari ya mtaa kuzama ilhali kipimo hakijafika, hasa pale ambapo bahari ndiyo iliyofunga mlango. Usitie saini mkataba wa aina hii kwa kipimo kimoja kilicho juu mtoni; dai kimo cha hori kihesabiwe pia.

Kutunza ulichopima

Mvua ikinyesha tena, mtu apelekwe ndani ya siku mbili kupima alama mpya, kabla kuta hazijasuguliwa. Ramani irejewe kila barabara, kalavati au mtaa mpya unapobadilisha njia ya maji, na isipite miaka mitano bila kuguswa. Nakala moja ya vimo vyote ikae kwenye idara ya mipango, moja kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na moja kwa chifu wa eneo, ikiwa na picha za alama na maelezo ya nguzo iliyotumika kama rejea. Nguzo yenyewe ipakwe rangi nyekundu na iandikwe kimo chake, ili fundi anayechimba msingi jirani aweze kunyoosha mpira wake wa maji moja kwa moja kutoka hapo.